Mfungua Malango wa Taaibos

Kijiji cha Taaibos kimekaa chini ya mlima katika nchi ya Namakwa, nyumba arobaini na kanisa moja, na kwa miezi kumi ya mwaka hakuna mgeni anayekikumbuka. Barabara yake ni ya vumbi, visima vyake vina chumvi na upepo wake hauna adabu. Lakini ifikapo Agosti, kipupwe kikianza kulegea, ardhi ile ile iliyopasuka kama kisigino cha mchungaji huvaa maua ya kila rangi, na watu wa mjini huacha shughuli zao, wakapanda magari na kuja kuyatazama. Wakishatazama huona njaa. Hapo ndipo wanawake wa Taaibos walipopata riziki: waliwauzia mikate ya makaa, mchuzi wa kondoo na chai nyekundu ya majani ya rooibos, na waliotaka kulala waliwalaza katika vibanda vya mikeka nyuma ya kanisa.

Tatizo la maua ya porini ni kwamba hayafungi ahadi na mtu. Mwaka huu yatachanua huku, mwakani kule. Asubuhi hulala hadi jua lipate joto, na jioni hufunga duka mapema kuliko Mhindi aliyechoka. Wingu likipita, nayo hujikunyata. Kwa hiyo safari ya kuyaona haina budi kupangwa: gari litoke saa ngapi, lipite wapi, na lielekee upande gani. Miaka miwili mfululizo kamati ya maua ya kijiji ilikuwa imepanga vibaya. Wageni walikuja, wakaona majani na mawe, wakaondoka wakinung'unika, na masufuria ya mchuzi yakaishia kwa mbwa.

Mwaka ule ikaja barua kutoka kwa Bi. Estelle Roodt wa Cape Town, mwanamke aliyekuwa akiandaa safari za wastaafu. Aliandika bila kuzungusha maneno. Angeleta basi moja, siku moja, Jumatano ya kwanza ya Septemba. Watu wake wakiyaona maua, angeleta mabasi mawili kila juma, kila msimu wa maua. Wasipoyaona, angeifuta Taaibos katika safari zake na kuwapeleka pwani.

Katika kijiji kizima hakuna aliyeisikia barua ile kwa moyo uliodunda kama wa Drieka Owies. Drieka alikuwa mjane wa miaka arobaini na mmoja, mchunga mbuzi, mwembamba, mwenye hatua ndefu na maneno machache. Misimu sita mfululizo, ifikapo Novemba, alikuwa amepanda lori la kwenda kwenye mashamba ya zabibu kando ya Mto Orange, akavuna zabibu za watu hadi Februari, na kumwacha binti yake Marelda kwa jirani. Mwaka uliotangulia aliporudi alimkuta mtoto amejifunza kujisuka nywele mwenyewe. Majirani walimsifu mtoto kwa akili zake. Drieka aliingia jikoni, akafunga mlango, akalia. Mabasi mawili kwa juma, na yeye mmoja wa wapishi wa wageni, yangemtosha kuvuka kiangazi bila kumwona mzabibu hata mmoja. Basi lile la Jumatano, kwake, lilikuwa limembeba mwanawe.

Kamati ilikutana katika ukumbi wa kanisa. Mwenyekiti wake, Mwalimu Fredrik Klaase, alikuwa amefundisha jiografia mjini kwa miaka thelathini kabla ya kurudi kijijini kustaafu. Alikuwa mtu mwema, msafi, mwenye kalamu tatu mfukoni na imani kubwa katika karatasi. Alitundika ukutani ramani aliyoichora mwenyewe, akaipitishia fimbo.

"Basi litatoka hapa saa nne na nusu," alisema, "litapita tambarare moja kwa moja kuelekea kaskazini mpaka bwawani. Wageni watapiga picha, watarudi, watakula. Safi kabisa. Kuna swali?"

Drieka, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, alinyanyua mkono, akasimama. "Mwalimu, saa hizo jua liko kaskazini. Mkilielekea mtaona migongo ya maua."

"Migongo!" Mwalimu alishusha miwani yake. "Jamani, maua siku hizi yana migongo. Na visigino je, Drieka?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Drieka naye akacheka kidogo, maana si mtu wa kununa, lakini hakukaa.

"Ua linatazama jua siku nzima, Mwalimu. Ukitaka muonane uso kwa uso, jua likae kisogoni kwako. Asubuhi uelekee magharibi, saa sita uteremke kusini, alasiri urudi mashariki. Na tambarare si pa kutegemea. Mimi ningewapeleka Langklip, kwenye mashamba ya marehemu Beukes."

"Langklip! Juu huko nyuma ya mlima?" alidakia mjumbe mmoja. "Hiyo si ni njia ya mbuzi, Drieka?"

"Ndiyo. Na mbuzi wangu hawajawahi kurudi na njaa."

Kicheko kikaongezeka, na safari hii kilimwelekea mjumbe, lakini fimbo ya Mwalimu iligonga meza. "Binti yangu, basi si mbuzi. Lina madirisha pande zote, kila mtu atatazama atakako. Tambarare ndipo maua yalipokuwa tangu babu zetu. Tusipoteze wakati." Kisha akakumbuka jambo. "Ila njiani kuna malango matano ya mashamba, na dereva hawezi kuteremka kila mara. Drieka ana miguu mizuri. Atafungua malango."

Hivyo ndivyo Drieka alivyopewa cheo. Jioni ile wanawake walimtania kisimani. "Hongera, Waziri wa Malango!" walimwambia. "Usitusahau ukifika ikulu!" Alijibu kwamba ikulu nako kuna malango, na asiyejua kuyafungua hulala nje.

Jumapili na Jumatatu upepo wa mashariki ukavuma. Ni upepo mkavu, wenye joto la tanuri, unaoteremka kutoka bara na kuramba kila kilicho laini. Jumatatu Drieka alikuwa na mbuzi wake juu, upande wa Langklip. Jumanne asubuhi aliwaacha zizini, akateremka na kuipita tambarare kwa miguu, kilomita kumi na mbili, mkono ukiwa kichwani kushikilia kitambaa. Alichokiona kilimkata maini. Jioni alibisha kwa Mwalimu Klaase kabla hata ya kwenda kwake kunywa maji.

"Mwalimu, tambarare imeungua. Maua yamesinyaa yote, yamebaki makapi."

Mwalimu alimkaribisha kiti, akatoa simu yake. "Tazama mwenyewe. Mpwa wangu alipita pale, akapiga hii." Kwenye kioo kulikuwa na zulia la rangi ya chungwa mpaka upeo wa macho. "Picha haidanganyi, Drieka."

"Ilipigwa lini?"

"Ijumaa."

"Picha haidanganyi, Mwalimu. Ila imezeeka."

"Siku nne! Siku nne ndiyo uzee?" Mwalimu alimpigapiga begani kwa upole, na upole ule ulimuudhi Drieka kuliko kicheko cha ukumbini. "Nenda kapumzike. Kesho tunahitaji miguu yako."

Alirudi kwake akiwa amechemka. Alimweleza Marelda yote wakati akimchana nywele, na mtoto akamuuliza kwa nini hakubishana zaidi. Drieka alisema kwamba kubishana na mwenye ramani ni kutwanga maji kinuni. Lakini hakulala vizuri. Alijua kwamba kesho yake wangewapeleka watu ishirini na wawili kutazama makapi, na alijua pahali ambapo hawangekosa maua, na ujuzi wote huo alikuwa nao mfungua malango.

Jumatano ilipambazuka kweupe. Basi liliingia saa nne kamili, na Bi. Roodt akawa wa kwanza kuteremka: mwanamke mrefu, mwenye kofia ya majani na saa kubwa ya mkononi aliyoitazama kila baada ya sentensi mbili. Dereva wake alikuwa Rashied, mtu wa Cape Town, mcheshi, aliyeendesha basi huku akizungumza nalo. Miongoni mwa abiria alikuwako mzee mmoja aliyeitwa Lourens, zamani mkagua tiketi wa treni, aliyening'iniza kamera shingoni na kuonekana tayari kulalamika.

Walipewa kahawa. Saa nne na nusu wakaondoka, Mwalimu Klaase mbele na kipaza sauti, Drieka kwenye kiti kidogo karibu na mlango. Kwenye lango la kwanza aliruka, akafungua, akangoja basi lipite, akafunga, akakimbia kupanda.

"Anti, wewe ungecheza mpira," Rashied alimwambia.

"Wewe endesha, Kaka. Bado manne."

Mwalimu alikuwa akiwaandaa wageni kwa maneno matamu. Aliwaeleza mawe, aliwaeleza mvua, aliwaeleza babu zake. Basi lilipopanda kilima cha mwisho kabla ya tambarare, alisimama wima na sauti yake ikapanda pia. "Mabibi na mabwana, sasa sina la kusema. Mwenye macho haambiwi tazama!"

Wakatazama. Tambarare ilikuwa imelala mbele yao, pana, ya rangi ya kahawia, kama ngozi ya kondoo iliyoanikwa. Hapa na pale paliinuka kijiti chenye ua lililokunjamana. Kwenye bonde dogo lililokingwa na mawe palikuwa na maua machache yaliyo hai, lakini jua lilikuwa machoni mwa wasafiri, na kutoka kwenye basi yalionekana kijani tupu.

Sauti ya Mzee Lourens ikatoka nyuma. "Samahani, maua yanaanzia wapi?"

Kipaza sauti kilishuka taratibu mpaka kifuani kwa Mwalimu. Alitoa simu, akaitazama picha ya Ijumaa, akaitazama tambarare, akarudia tena picha, kama mtu aliyepewa chenji pungufu.

Rashied alizima injini. Bi. Roodt aliteremka, akatembea hatua kumi, akaokota kijiti kikavu na kurudi nacho. Hakukasirika, na hilo ndilo lililotisha. "Mwalimu," alisema, "nakushukuru kwa kahawa. Saa tano na nusu sasa. Tukiondoka mara moja tutafika pwani bado kuna mwanga."

Drieka aliliona lori la Novemba waziwazi, na Marelda amesimama kwa jirani akipunga mkono. Miaka yote alikuwa amewaachia neno la mwisho watu wenye kofia na karatasi. Safari hii alijipiga moyo konde, akateremka kwenye ngazi ya basi na kusimama mbele ya Bi. Roodt.

"Mama, maua yapo. Niliyaona juzi kwa macho yangu. Nipe mpaka saa saba na nusu."

"Na wewe ni nani?"

"Mimi ndiye mfungua malango."

Baadhi ya abiria walicheka. Bi. Roodt hakucheka. "Mfungua malango amejuaje yasiyojulikana na kamati?"

Ndipo maneno yakamtoka Drieka, yale ya ukumbini na mengine. "Mama, mimi nachunga. Tangu Mei sijalala nyumbani siku tatu mfululizo. Langklip iko nyuma ya mlima, upepo wa mashariki unapita juu yake kama mtu anayeruka ukuta. Kule ni baridi, kwa hiyo maua yake huchelewa, sasa ndiyo kwanza yamefunguka. Mvua ya Julai ilinyesha kule alasiri nzima, najua kwa sababu iliniloanisha mimi na mbuzi wangu mpaka mifupa. Na mashamba ya marehemu Beukes yalikuwa ya ngano, hayajalimwa miaka miwili. Ua la kwetu linapenda shamba lililolimwa kisha likaachwa lilale. Sikisii, Mama. Nimetoka kule."

Bi. Roodt aliigeukia kamati, yaani Mwalimu Klaase, kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Mwalimu alikuwa amesimama na ramani mkononi. Angeweza kumkana Drieka, na aibu ilikuwa ikimsukuma afanye hivyo. Lakini nimekwisha kusema alikuwa mtu mwema. "Aliniambia jana," alisema kwa sauti ndogo. "Aliniambia na wiki iliyopita pia. Sikumsikiliza."

"Kwa lango la kusini ni kilomita kumi tu," aliongeza akiitazama ramani, "tukirudi nyuma kidogo."

"Hapana," alisema Drieka. "Tuzunguke mlima, tuingie kwa lango la kaskazini."

"Kilomita ishirini na mbili!" Rashied alipiga usukani. "Za mawe! Anti, unataka kuniua au kuliua basi?"

"Tukiingia kusini tutaelekea jua, tutaona migongo. Mmeshaona migongo leo. Mkitaka nyuso, tuzunguke."

Rashied alimtazama Bi. Roodt. Bi. Roodt aliitazama saa yake, akatazama kijiti kikavu mkononi, akakitupa. "Saa saba na nusu," alisema. "Dakika moja zaidi tunaondoka."

Njia ile haikuwa na huruma. Basi lilipanda likiguna, vikombe vikagongana, mama mmoja akashikilia meno yake ya bandia mkononi ili yasimponyoke. Kwenye lango moja palikuwa na mnyororo na kufuli. Rashied akasema sasa wamefika kwenye shamba la watu na atakayepigwa risasi kwanza ni dereva. Drieka aliteremka, akahesabu mawe matatu kutoka kwenye nguzo, akainua la tatu na kuchukua ufunguo.

"Mjane wa Beukes ananijua," alisema akipanda. "Mbuzi wake wakizaa vibaya ananiita mimi."

"Na mbuzi wangu akizaa vibaya?" aliuliza Rashied.

"Wewe, hilo basi lako ndilo mbuzi. Tia gia."

Abiria wakacheka, na kwa mara ya kwanza tangu tambarare basi likapata uhai. Lakini furaha ile haikudumu. Walipokaribia lango la mwisho, kivuli kikafunika barabara. Wingu jeupe, zito, lilikuwa limetoka upande wa bahari na kulimeza jua. Kila mtu mle ndani sasa alijua, maana Mwalimu alikuwa amewaeleza asubuhi, kwamba bila jua hakuna ua linalofunguka.

"Haya ndiyo mambo," alisema Mzee Lourens. "Hata jua limetukimbia."

Saa ilikuwa saba na dakika tano. Bi. Roodt aligeuza shingo polepole kumtazama Drieka. Mwalimu alifumba macho. Drieka alifungua dirisha, akatoa mkono nje, akanusa. Mkono wake ulirudi ndani mkavu.

"Endesha, Kaka Rashied. Wingu la bahari huishia kiunoni mwa mlima. Haliwezi kuuvuka mgongo wa mlima. Likifika hapa juu linachoka, linarudi. Kama kungekuwa na unyevu mkononi ningewaambia mgeuze. Hakuna."

"Na kama umekosea?"

"Nikikosea nitashuka, nirudi kwa miguu, na hamtaniona tena."

Alifungua lango la mwisho. Walipofika chini ya mwinuko wa mwisho alimwambia Rashied asimame, akawaomba wote wateremke na kupanda hatua hamsini zilizobaki kwa miguu. Mzee Lourens alisema hakulipia kupanda milima. Akapanda hata hivyo, kwa sababu kila mtu alikuwa akipanda. Walikuwa nusu ya njia wingu lilipoachia. Joto la jua likawaangukia visogoni wote kwa pamoja, na vivuli vyao vikatokea mbele ya miguu yao, vifupi na vyeusi.

Drieka alifika juu wa kwanza. Hakutazama bonde, alilijua. Aligeuka akawatazama wao wakifika.

Mbele yao bonde zima la Langklip lilikuwa limewaka. Rangi ya chungwa ilianzia miguuni pao na kuteremka kusini kilomita tatu, imejaa mpaka kwenye kuta za mlima. Mashamba ya Beukes yalikuwa bado na mistari ya plau, na kila mstari ulikuwa na rangi yake: manjano hapa, nyeupe pale, zambarau kando ya kijito. Na maua yote, mamilioni kwa mamilioni, yalikuwa yamefunguka na kuwaelekea. Kila ua lilikuwa limewageuzia uso, kama kanisa lililojaa watu likimtazama bibi arusi anayeingia.

Nyuki walikuwa wakivuma kila upande. Kisha mama wa meno ya bandia akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. Mzee Lourens alikuwa ameishika kamera lakini hakuinyanyua. Machozi yalikuwa yakimtiririka katika mikunjo ya uso, naye hakuyafuta. "Marehemu mke wangu alitaka kuona hivi," alisema, si kwa mtu yeyote. "Nilimwambia kila mwaka, mwakani."

Rashied aliyekuwa ameliacha basi lake na kuwafuata alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mashallah," alisema. "Anti Drieka, mimi nimekuja nchi hii mara tisa. Mara tisa! Sijawahi kuiona."

Bi. Roodt alivua kofia yake. Alisimama vile, nywele zake za mvi zikipeperuka, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuitazama saa. Saa saba na nusu ilipita, saa nane nayo ikapita, wakiwa wanateremka taratibu na basi kupitia katikati ya bonde, jua likiwa nyuma yao na maua yakiwapokea mbele kila kona. Alasiri Drieka alimwelekeza Rashied akunje kushoto, kuelekea mashariki, na pale tena maua yakawa yamegeuka na kuwangoja.

Mwalimu Klaase alimsogelea akiwa na kipaza sauti. "Chukua," alisema. "Hiki ni chako."

Drieka alikishika kama mtu aliyepewa nyoka. Hakuwahi kuzungumza ndani ya kitu kile. Abiria wote wakainua nyuso wakisubiri hekima. Alifikiri, akakileta mdomoni. "Mkishuka," alisema, na sauti yake ikanguruma mpaka ikamshtua, "angalieni mnapokanyaga."

Wakampigia makofi kana kwamba amehutubia bunge.

Waliingia Taaibos saa kumi na moja, njaa ikiwauma vilivyo. Masufuria yote yalirudi yamekwanguliwa, na mbwa wa kijiji siku hiyo waliambulia harufu. Bi. Roodt alikula mikate mitatu ya makaa akiwa amesimama, kisha akamwita Mwalimu na wanawake wote mbele ya kanisa.

"Nitaleta mabasi mawili kila juma, Jumatano na Jumamosi, kuanzia Jumamosi hii," alisema. "Na kila mwaka. Nina sharti moja. Kamati inaweza kuchora ramani itakavyo, lakini safari zangu atazipanga huyu mama, na atalipwa kama mpangaji, si kama mfungua malango. Kama hayumo kwenye basi, basi haliji."

Vigelegele vilipigwa hadi mbuzi wakashtuka mazizini. Wale wale waliomwita Waziri wa Malango walimbeba juu juu, huku mmoja akipiga kelele kwamba amempandisha cheo mwenyewe na sasa ni Rais. Marelda alikimbia kutoka kwa jirani, akamkumbatia mama yake kiunoni na hakumwachia. Drieka alicheka na kulia kwa wakati mmoja, na hakuingia jikoni kujificha. Jioni ile alimtumia msimamizi wa shamba la zabibu ujumbe mfupi: mwaka huu asiandike jina lake, wala mwakani.

Kesho yake alfajiri Mwalimu Klaase alibisha mlangoni akiwa na karatasi mpya, nyeupe, na kalamu zake tatu.

"Nimekuja tuchore safari ya Jumamosi," alisema. "Ukinitajia tu, mimi nitaandika. Tunawapeleka wapi? Langklip tena?"

Drieka alikuwa akifunga kitambaa kichwani na fimbo yake ilikuwa tayari kwapani. "Sijui, Mwalimu."

"Hujui?"

"Leo ni Alhamisi. Jumamosi iko mbali. Kuna joto linakuja, na upande wa juu wa Rooikloof sijaupita tangu wiki iliyopita. Ngoja nikatazame, jioni nitakuambia."

Mwalimu alisimama pale kizingitini, akaitazama karatasi yake tupu. Kisha akaikunja mara nne, akaitia mfukoni, akauliza kama Drieka ana fimbo ya pili. Alipewa. Wakatoka pamoja nyuma ya mbuzi, mwalimu wa jiografia akihema kwenye mwinuko wa kwanza na mchungaji akimngoja bila kumcheka, na jua lilipochomoza lilimkuta Mwalimu Klaase akiuliza swali lake la kwanza. Ama kweli, atangaye sana na jua hujua.